Sauti Ndani ya Gitaa la Yunusi

Nachingwea,
14 Agosti 1953

Kaka yangu Mohamedi, Mandawa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba ufuta umeshakauka. Sisi huku miili ni mizima, ila moyo wangu haujatulia tangu Jumanne. Ukiona mwandiko umepinda, sababu ni hiyo.

Unamkumbuka Yunusi, mpiga gitaa wa dansi. Alikuja barazani kwangu, ninapotengenezea redio, akilalamika kwamba ngoma zinalimeza gitaa lake. Akaniomba niitoe sauti yake kwenye spika. Nikachukua kile chombo cha sikioni cha simu ya jeshi nilichokiokota kwenye kambi ya Wazungu wa mradi wa karanga, nikakibandika ndani ya gitaa chini ya ubao wa mbele, nikavuta waya hadi kwenye redio yangu kubwa ya betri.

Nilihangaika siku mbili. Nikikiweka huku, gitaa linanguruma kama lori. Nikikisogeza kule, linalia kama bati. Mwisho nikakipatia mahali pake. Lakini kila nikiongeza sauti, spika inapiga mluzi mkali. Nikajua gitaa linaisikia spika, nikaviachanisha: gitaa nikalilaza chumbani kwa mama, redio ikabaki barazani, waya ukapita chini ya mlango.

Nilipowasha, mluzi haukuwepo. Kwenye spika tukamsikia mama, mle chumbani, akizungumza na jirani yetu, Bi Mwamina. Yunusi akacheka. Bi Mwamina alikuwa anauliza ni mjomba gani atakayekwenda kwa wazee wa Zaitun kunisemea posa, maana siku zimekaribia. Mama akajibu kwa Kimwera:

“Mjomba wake wa damu nitamtoa wapi? Saburi sikumzaa. Mama yake alipita Mandawa akitokea kwa Wareno, akajifungulia kwangu, akafa siku ya tatu. Mohamedi anajua, ndiye aliyenichotea maji.”

Kaka, mikono iliganda juu ya redio. Yunusi akaacha kucheka, akainama kukunja waya usiohitaji kukunjwa. Baadaye akaniambia kwamba Kimwera chake ni kidogo, hakuelewa kitu. Yunusi ni Mmwera wa Chunyu.

Nilipoingia ndani, mama aliuliza kama gitaa limepona. Nikasema limepona. Akanipa uji. Nikanywa huku nikiitazama ile pua yake ambayo watu wote husema nimeirithi.

Sasa nikuungamie. Nimeandika hapo juu kwamba mikono iliganda. Si kweli. Aliposema hakunizaa, mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, na ningeweza kuzima. Niliongeza sauti. Nikasikiliza mpaka Bi Mwamina alipoaga, siri ambayo mama ameitunza miaka ishirini na miwili ikimwagika barazani mbele ya Yunusi. Hilo linaniuma kuliko yale niliyoyasikia.

Sikuulizi kwa nini ulinificha. Nakuomba uje usimame kwenye posa mahali pa mjomba, kama wazee watakubali. Na uniandikie jina la yule mwanamke, kama aliliacha.

Wasalimie wote wa huko. Mama yupo hapa kando yangu, anachambua choroko. Amesema nikuandikie kwamba mwanawe amekonda, hali chakula vizuri, umkemee. Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Saburi