Kalamu Iliyoingia Ngitili

Mama Kulwa, mama yangu wa Samuye,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini hukunizoesha kuanza maneno kabla ya salamu, na sitaanza leo. Kulwa aliniandikia habari ya kifo chako, na barua yake ikachukua wiki mbili kunifikia. Kwa hiyo siku uliyozikwa mimi nilikuwa darasani nafundisha, nacheka na wanafunzi, sina habari. Jambo hilo linaniuma na sitalificha.

Barua hii nataka isikike kwa wengine pia. Chuoni wameniomba nizungumze juu ya haki za wenyeji katika ardhi yao, na kwenye tangazo wameniita "mtaalamu wa mambo ya Usukuma." Ungecheka mpaka ushike mbavu. Mtaalamu mwenyewe ulimpokea hajui kutofautisha mtama na uwele. Nimeamua siku hiyo sitatoa hotuba, nitawasomea haya ninayokuandikia wewe.

Nilikuja kwako wakati wa mvua. Profesa wangu alikuwa ameombwa na serikali aandike ripoti juu ya ardhi ya pale, ipi ina wenyewe na ipi haina. Isiyo na wenyewe ingetolewa kwa kampuni ya kutafuta almasi, maana upande wa Maganzo watu walikwisha kuanza kufukua kila mahali. Mimi ndiye niliyetumwa kutembea na kuuliza. Kisukuma sikijui, mtu wa Korogwe mimi, na pale kijijini wewe ndiye uliyekuwa na Kiswahili kilichonyooka. Ulikipata Geita, kwenye nyumba za wachimba dhahabu, ulikoishi na marehemu mumeo. Basi ukawa mkalimani wangu, na kwako ndiko nikala na kulala.

"Ninyi watu wa pwani salamu mnazijua," uliniambia siku ya kwanza. "Tutaona miguu."

"Korogwe si pwani, mama."

"Kama si Usukuma, ni pwani."

Miguu uliiona. Tulizunguka wiki tatu, wewe mbele na jembe begani, maana ulisema mtu mzima hatembei mikono mitupu, mimi nyuma na daftari langu, viatu vimejaa tope.

Siku moja tulipita kando ya eneo kubwa lililozungushiwa ua wa minyaa. Ndani nyasi zilifika kifuani. Hapakuwa na shamba wala nyumba, wala hata samadi ya ng'ombe. Nikafungua daftari.

"Hapa analima nani?"

"Halimi mtu."

"Anachunga nani?"

"Hakuna anayechunga hapa, baba. Nani athubutu?"

Hilo la mwisho sikuliandika, niliona ni maneno ya ziada. Niliandika: tupu, haina mwenyewe. Nikapiga mstari chini yake, nikafurahi kwamba siku hiyo kazi imekuwa nyepesi.

Nilipotaka kuondoka uliniomba nikae siku moja zaidi, niwasomee wazee nilichoandika. Ulisema mgeni hufungua mzigo wake mlangoni, wenyeji waone hakubeba cha mtu. Nilikujibu kwamba lori linaondoka. Ilikuwa kweli, lakini jingine lingeondoka kesho yake, na wewe ulijua.

Nilirudi kiangazi, nikiwa njiani kwenda Geita kuuliza maswali yale yale. Ripoti ilikwisha kufika boma la serikali, Shinyanga. Nilipokaribia kwako nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijawaona. Njia nzima nchi ilikuwa vumbi tupu, lakini ndani ya minyaa ile ng'ombe wa kijiji walikuwa wanakula, ndama na wanyonge wametangulizwa, na wazee wawili wamesimama kwenye mwanya wakiangalia nani anaingiza nini. Nikakuuliza ni mahali gani pale.

"Ngitili," ulisema. "Mvua zikianza tunaifunga, majani yakue. Kiangazi tunaifungua. Bila hiyo tungekuwa tunachuna ngozi tu. Kwani kwenu mnafanyaje?"

Ulidhani najua. Kila mtu aliyezaliwa pale anajua, hata mtoto anayechunga mbuzi, na hukufikiri kwamba mtu aliyesoma miaka yote ile angehitaji kuelezwa kwa nini nyasi zimeachwa.

Nikakaa kwenye kigoda chako. Nikatoa nakala ya ripoti mkobani, nikakusomea ukurasa ule huku nautafsiri kutoka Kiingereza. Ulikuwa unakata viazi vya kukausha michembe. Kisu kikasimama. Ndipo ukanieleza jambo ambalo kwa wiki tatu zile hukuwahi kulitaja. Kule Geita, nyumbani kwa wakwe zako, mpima ardhi alikuja wakati ukoo mzima umekwenda kuzika kijiji cha pili. Akakuta milango imefungwa, akaandika hapana watu. Mliporudi, vigingi vilikwisha kupigwa katikati ya mihogo. Mumeo akawa kibarua wa kuchimba dhahabu chini ya shamba la baba yake.

"Lakini yule hakutujua," ulisema. "Wewe ulikula kwangu."

Hukupandisha sauti. Ukaendelea kukata viazi. Mama, nimekaripiwa na watu wakubwa maishani, lakini hakuna aliyenishusha kama wewe kwa maneno hayo matatu.

Kesho yake asubuhi wazee wakaitana. Nilitegemea wanifukuze. Mzee Luhende, mlinzi wa ngitili, akazungumza kwa Kisukuma, nawe ukanitafsiria bila kunipunguzia. Alisema anayeingiza ng'ombe ngitili wakati wa mvua hutozwa mbuzi. Huyu hakuingiza ng'ombe, ameingiza kalamu, na kalamu inakula kuliko ng'ombe. Nikatozwa mbuzi, na juu yake nikaagizwa niende boma nikakitoe nilichokiingiza.

Mbuzi nilimtoa. Lakini njiani kwenda Shinyanga nilinung'unika. Nilisema mimi mgeni, sikujua, mngeweza kunisamehe. Ukasimama katikati ya barabara.

"Mgeni hatozwi, baba. Mgeni hupewa maji akanywa, akaenda zake. Tunayemtoza ni wa kwetu."

Nikatembea nyuma yako mpaka mjini.

Bwana Shauri, yule mkuu wa Kizungu wa boma, alituacha tusimame. Alisema ripoti imekwisha kupokelewa, na msomi anayekana maandishi yake mwenyewe, nani atamwamini tena. Nikamwambia sikuandika uongo, niliandika masika peke yake. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Ndipo wewe ukaonyesha kikombe kilichokuwa mezani pake.

"Bwana, maziwa ya chai hiyo yanatoka Samuye. Ng'ombe wetu wanakula humo alimoandika tupu. Ukiitoa, kiangazi kijacho utakunywa ya rangi."

Akatazama kikombe. Akatutazama. Kisha akanisogezea karatasi, akasema niandike kosa langu kwa mkono wangu na nitie sahihi. Niliandika pale pale, nimeinama juu ya meza yake, na ngitili ikabaki mikononi mwenu. Ulipotoka nje ukasema "wabeja," asante, mara moja tu, kisha ukaniuliza kama sina njaa.

Geita nilikwenda, na ikawa kazi ya mwisho aliyonipa profesa. Huko kila swali nililiuliza mara mbili, la masika na la kiangazi, na kabla ya kuondoka nikawasomea watu nilichoandika. Shamba la wakwe zako sikuweza kulirudisha. Niliandika tu jina la ukoo wao, na kwamba palikuwa na watu.

Siku hizi kila mahali watu wanazungumza uhuru, nami naungoja kama wengine. Ila nina hofu moja na nakuambia wewe kwanza. Bado kidogo tu, watakaokaa boma na kalamu tutakuwa sisi, tuliokula kwenu. Hatutaweza kusema hatukuwajua.

Wiki iliyopita nilikuja Samuye kuhani msiba wako. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kulwa aliniona kwa mbali, akanipungia mkono akiwa amesimama karibu na kaburi lako, ng'ambo ya ngitili. Njia ya mkato ni ule mwanya wa kwenye minyaa. Nyasi zilikuwa kifuani, hapakuwa na ng'ombe wala mlinzi, na mimi nilikuwa nimechoka, nina haraka ya kukufikia.

Nikazunguka.

Lala salama, mama. Mzigo wangu nimeufungua mlangoni.

Ni mimi, mwanao uliyemtoza mbuzi.