Mlango wa Uani

4 Mei

Bibi yangu kipenzi,

...na mapazia nayo kayatundika yeye mwenyewe. Karatasi ya barua iliyopita iliishia hapo hapo, nikaona nisikuache ukidhani tunaishi kwenye chumba kisicho na mapazia. Ni ya samawati. Yamepinda kidogo upande wa kushoto, lakini mume wangu anasema kilichopinda ni dirisha, na mimi nimemwamini.

Shikamoo, Bibi. Hujambo? Kifua kimeachia ule moshi? Na miguu? Sisi huku ni wazima, tena zaidi ya wazima. Asubuhi mume wangu huamka kabla yangu, akachemsha chai, akaniwekea kikombe juu ya stuli na kisahani juu yake ili isipoe. Mtu aliyefikiria kisahani, Bibi, hawezi kuwa mtu mbaya.

Nakuandikia kwa sababu simu yako iliungua na hiyo uliyopewa umemwachia mke wa kinyozi. Si kitu, posta yetu ni dereva wa shirika, naye nalala naye chumba kimoja. Lakini jana alirudi na habari iliyonifanya niunguze vitunguu.

Alikuwa amewabeba afisa mradi wa shirika lao na yule mama mjumbe wa mfadhili, yaani upande wenye mikono na upande wenye fedha. Wakiwa njiani, afisa akamwambia mjumbe kwamba mtaa wenu hautaki nyumba. Walipita hapo kwenye ghala mnakoishi tangu ule moto ulioteketeza mtaa, pazia kwa pazia, wakamuuliza kila mtu kama anataka kujengewa pale pale kilipokuwa kiwanja chake, na kila mtu akakataa. Kwa hiyo mbao na mabati huenda vikapelekwa mtaa mwingine, na ninyi mtafutiwe vyumba kwenye yale magorofa ng'ambo ya reli. Mume wangu haruhusiwi kuchangia mazungumzo ya abiria, lakini anasema nusura aitie gari mtaroni.

Bibi, nimekaa hapa na kalamu sielewi. Wewe uliyesema utatoka kwenye kiwanja chako ukiwa umebebwa, ulikataa nyumba?

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Bi Harusi


9 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua imefika, na mume wetu nimemwona. Amekonda. Sijui unampa nini zaidi ya mapazia. Mimi mke mkubwa nisingemwachia atoke na shati lenye kifungo kimoja kilegevu, lakini ninyi wa siku hizi mmesoma.

Kifua kimeachia. Miguu ni ile ile, haijabadilishwa.

Sasa niambie, nani amekataa nyumba? Mimi sijakataa kitu. Alikuja binti mmoja wa kizibao cha kijani, wa shirika lile la mume wetu, ana adabu zake, akaketi juu ya ndoo yangu. Akaniuliza, Bibi, unahitaji kujengewa? Wewe unalijua hili ghala. Kati yangu na kinyozi ni shuka. Kati ya kinyozi na mwalimu mstaafu ni shuka. Mtu akigeuka kitandani, ghala zima linajua amegeukia wapi. Na upande wa pili wa shuka mke wa kinyozi ana kichanga. Nipaze sauti niseme nijengeeni mimi? Nikamjibu kama mtu aliyelelewa: sisi hatujambo, anzeni na jirani.

Akaenda kwa kinyozi. Kinyozi akasema, anzeni na mwalimu, ni mtu mzima. Mwalimu akasema, anzeni na muuza maji, ana watoto wengi. Muuza maji akasema, anzeni na Bibi yule kule. Ikawa kama sahani ya nyama inayozungushwa mezani, kila mtu anampisha mwenzake, hadi inarudi jikoni na nyama yake yote. Na yule binti akaenda zake akiwa ameridhika kwamba tumeshiba.

Usidhani hatupewi kitu. Wa vizibao vya bluu, shirika jingine, walileta ndoo. Wa kijani nao wakaleta ndoo. Sasa nina ndoo ya kila mguu. Ukiwauliza wa bluu, wanawangoja wa kijani. Wa kijani wanamngoja mfadhili. Mfadhili alipokuja mwenyewe alituuliza tunangoja nini.

Mmoja tu ndiye hakutajwa na mtu yeyote katika kule kupishana, naye ni Mama Pasi mshonaji. Unajua sababu. Watu wanasema moto ulitokea kwenye pasi yake ya mkaa. Mimi sikusema, ila waliposema sikuwakatiza, na tangu siku ile hatusalimiani. Mimi hapa, yeye hapo, shuka katikati.

Mfunge mume wetu kile kifungo.

Bibi yako,
Mke Mkubwa


13 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo tena. Kifungo nimekikaza, na vyote vilivyobaki nimevikaza ili usipate la kusema. Alisimama wima kama askari nikishona shati likiwa mwilini, akawa anapumua polepole nisimchome. Nilimaliza nikasahau kukata uzi, tukabaki tumeunganishwa hivyo tukicheka.

Barua yako nilimsomea akikatakata nyanya. Nikamwambia, hawa watu hawakukataa, walikuwa na adabu. Kosa ni kumuuliza mtu shida yake mbele ya mwenye shida mwenzake. Wangemuuliza kila mtu shida ya jirani wangesikia hadi masikio yaume. Aliweka kisu chini akanitazama kama vile nimetunga sheria.

Basi jana, garini, akavunja mwiko. Alisubiri afisa mradi ashuke kununua maji, akamwambia yule mama mjumbe yote niliyosema. Anasema mama alimwambia arudie. Na alipokuwa anashuka alimpa mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya. Karudi nyumbani hajui kama amepandishwa cheo au amefukuzwa kazi. Tumekaa kitandani tunauchambua ule mkono, ulikuwa wa kuaga au wa kushukuru. Mimi nasema wa kushukuru. Mkono wake ukiushika, Bibi, huwezi kumwachisha mtu kazi.

Mjukuu wako,
Bi Harusi


21 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi si mgonjwa ila nimechanganyikiwa, na hilo halina kidonge.

Nani amewapelekea watu hawa akili mpya? Wamekuja wa bluu na wa kijani pamoja, kwa mara ya kwanza wamepanda gari moja, wakatuambia kwamba sasa hakuna mtu atakayejiombea nyumba. Kila nyumba itaombewa na jirani wa ukuta kwa ukuta, mbele ya mjumbe wa mfadhili, Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wamefurahi sana. Kinyozi anamfanyia mwalimu mazoezi ya hotuba, sauti imekauka. Mwalimu anamsahihisha kupitia shuka. Muuza maji ameshalia mara mbili kwa maneno ambayo kinyozi hajamaliza kuyasema.

Mimi je? Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Upande mmoja ukuta wa kinu kilichokufa, upande wa pili Mama Pasi. Na yeye upande wake wa pili ni barabara. Nikamwambia binti wa kijani, mimi nitaombewa na muuza maji. Akasema haiwezekani, wamekubaliana na mfadhili kwamba ni ukuta kwa ukuta, ili watu wasichaguliane marafiki na mnyonge akasahaulika. Ndivyo alivyosema, mnyonge akasahaulika. Na asiyeombewa, kiwanja chake kinabaki wazi, yeye anapewa chumba magorofani ng'ambo ya reli.

Mjukuu wangu, kule ng'ambo sijui hata jua linatokea dirisha lipi. Babu yako alinioa nikaingia kwenye kiwanja kile, na mama yako alitambaa pale. Nikilala kule nitaamka nikiwa mgeni wa watu nisiowajua.

Haya. Nifanye nini? Niende nimwambie mtu niliyemnunia, niombee? Na kama pasi ni yake kweli? Na kama si yake? Siku ile palikuwa na jiko la kila mtu nje, hata langu. Kila nikifikiri nafika mahali pale pale. Hizi shuka zote za ghala alizikunja pindo Mama Pasi mwenyewe, bila kuombwa, na ile ya kati yetu aliishona pindo mbili. Mtu anakushonea pazia la kukutenganisha naye, tena analishona vizuri. Hilo nalo sijui nilielewe vipi.

Bibi yako


24 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Akili mpya ilitoka kwangu. Mimi ndiye niliyesema waulizwe majirani, nikiwa nimeshika kikombe, nikijiona nina busara kwa sababu mume wangu alinitazama vile. Sikufikiria nyumba ya mwisho. Waliichukua kauli yangu wakaifanya sheria, na sheria imeangukia kwako.

Mume wangu anasema msalimie tu, salamu haina hatia. Mimi sijui. Hata maandazi yangu leo yamekuwa magumu na yeye ameyala yote akisema ndivyo anavyoyapenda. Nijibu, tafadhali. Hata mstari mmoja.

Mjukuu wako


31 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mkutano umekwisha. Usiniulize maneno mengi. Mwambie mume wetu akija alete sindano za cherehani, zile za kitambaa kizito.

Bibi yako


6 Juni

Bibi yangu, mke mkubwa, mpenzi wa mume wangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua yako ilikuwa fupi kuliko anwani yake. Niliisoma, nikaigeuza, nikaisoma upande usioandikwa. Sindano za cherehani? Bibi, wewe huna cherehani. Wewe kushona kwako ni kumwita mtu.

Sindano zimenunuliwa, lakini kwanza nimembana shahidi wangu. Alikuwepo Jumamosi, ameegemea gari mlangoni pa ghala, na mwanamume anayekumbuka nilivaa nini siku tuliyokutana hawezi kusahau mkutano.

Anasema wewe na Mama Pasi ndio mlioitwa mwisho. Wewe ulisimama kwanza, ukaifunga upya kanga yako hadi afisa mradi akaanza kukohoa. Kisha ukasema, bila kumtazama mtu: "Mshonaji nyumba yake ilikuwa na dirisha kubwa. Mkimwekea dogo atapofuka. Mwekeeni kubwa." Ukaketi.

Halafu Mama Pasi akasimama, akaulizwa atamwombea nini jirani yake. Akasema: "Huyu alikuwa na mlango wa uani unaotazama wangu. Msipomjengea huo, na mimi nyumba yenu siitaki."

Usichokijua ni yale ya garini. Ramani waliyokubaliana shirika na mfadhili ni ya mlango mmoja. Afisa akasema mlango wa pili haumo kwenye mradi. Mjumbe akasema kama haumo basi mradi ndio una kasoro. Afisa akasema wakimpa mmoja wote watataka. Mjumbe akasema, labda wote walikuwa nao. Wakabishana hadi kwenye reli, na pale wakingoja treni ipite, yule mama akamgeukia mume wangu, dereva, akamuuliza mlango wa uani kazi yake nini.

Mume wangu akajibu, "Ni wa mtu asiyebisha hodi."

Bibi, nilipoambiwa hivyo nilimkumbatia na mwiko mkononi, shati likaharibika, nikalifua mwenyewe.

Wamekubaliana kwamba kabla msingi haujachimbwa, kila mtu atasimama kwenye kiwanja chake awaonyeshe mafundi milango inatazama wapi. Jana mume wangu alipita karakana ya seremala, akaona milango imesimamishwa ukutani. Nyumba ya mwisho imeandikiwa miwili kwa chaki. Akaigusa yote miwili kwa ajili yangu.

Bado sielewi mengi. Sielewi moto ulianzia wapi, na nadhani hakuna atakayejua. Sielewi kama wewe na Mama Pasi mmeshasalimiana. Mume wangu anasema hakusikia salamu hata moja, ila alipokuwa anawasha gari aliona shuka la kati yenu limefungwa fundo juu, na wewe umeshika kitambaa upande mmoja, yeye upande wa pili, mnakinyoosha, wote mmenuna. Nimemwambia anionyeshe mlivyonuna. Kaonyesha. Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta.

Afisa ameruhusu nipande gari siku ya kupeleka milango. Kwa hiyo ondoa ndoo mbili, utupangie mahali pa kukaa. Mwezi huu hauishi kabla hatujafika, mimi na mume wetu na sindano. Na kama kuta zitakuwa zimeshasimama, usitungoje mbele. Tutazunguka nyuma.

Mjukuu wako,
Mke Mdogo