Kumwamuru Baba

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Shamila na watoto hapo Mwanza. Huku tunapumua, ingawa nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike Baba. Najua utanicheka kuandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia nikakata, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Siku ya arobaini ulinishukuru mbele ya watu kwa kumpeleka Baba kwenye mazoezi ya ngumi. Nikazipokea shukrani hizo. Kumpeleka nilimpeleka, kila Jumamosi, kwenye ule ukumbi wa Kitete ambako mwalimu Raymundi anawafundisha wagonjwa wa kutetemeka. Pale hakuna anayempiga mtu. Mgonjwa anavaa glavu, anapiga pedi anazoshikiwa na mtu wa kwao, ili mwili usigande. Ungemwona Baba, fundi wa kanzu aliyekuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, anarusha ngumi huku anacheka!

Lakini pedi alishikiwa na mwalimu. Raymundi alitaka nishike mimi, tena nimwamuru kwa sauti ya juu: piga, kushoto, inua mguu. Alisema miguu ikiganda, kumvuta mgonjwa ni kumwangusha. Sauti ndiyo inayoifungua. Bi Martha wa Puge alimfokea mumewe kama mgambo wa soko, na mzee wa watu akatembea, ukumbi mzima tukacheka. Mimi nilimwambia mwalimu kwamba kwetu mtoto hampandishii baba yake sauti. Akanijibu kwa upole kwamba nyumbani yeye hatakuwepo. Nikamwona mtu asiyejua malezi. Kwa hiyo yale mazoezi ya kila siku ya nyumbani niliyokuwa nakusimulia kwenye simu hayakuwepo, kaka. Nilikudanganya.

Sasa nikueleze la kuanguka. Nilisema aliteleza kwenye maji ya udhu. Si kweli, sakafu ilikuwa kavu. Alasiri ile alikuwa anakwenda kutawadha, miguu ikaganda kizingitini. Alisubiri pale, jasho likimtoka, kisha akasema, "Mwanamkuu mwanangu, niamuru."

Nikamjibu, "Siwezi, Baba."

Nikamshika mikono miwili, kwa adabu zote, nikamvuta. Kiwiliwili kilikuja, miguu ikabaki. Nyonga ikavunjika, na mengine unayajua.

Sijui kama angeishi zaidi. Ugonjwa ule hauponi. Najua tu kwamba aliniomba neno moja nikamnyima. Moyo umenivunjika, kaka, na sina pa kuupeleka. Kitandani hakunilaumu hata mara moja. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, Baba alimwambia kwamba Mungu amempa binti mwenye adabu. Na mimi nilikuwa palepale, nimeshika kikombe chake cha uji.

Ukikasirika, kasirika, una haki. Ila nikipiga simu, pokea. Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Shangazi Batuli anakusalimu. Yeye haya hayajui.

Mdogo wako,
Mwanamkuu