Kura Isiyopigwa Sabato

Mdogo wangu Mogaka,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umelala nyuma ya migomba ya mama kule Manga, na nyasi zimeshaota juu yako. Basi nikupe yangu. Mimi ni mzima, nina hasira kidogo, na nimekukumbuka mpaka chakula cha mchana kinanishinda hapa dukani Suneka. Wateja wanakuja kutafuta dawa ya kikohozi, wananikuta nimekodolea simu macho. "Daktari, uko sawa?" wananiuliza. Nawajibu niko sawa. Mimi si daktari, na siko sawa.

Nakuandikia hapahapa kwenye jukwaa letu la gemu, mbele ya wanachama wote, kwa sababu wanadai jibu kutoka kwangu. Wanasema wewe bado unapiga kura.

Najua ungecheka. Ngoja kwanza.

Unakumbuka tulivyolianzisha? Ulikuwa na banda lako la gemu Keroka, nyuma ya steji ya matatu, televisheni mbili na mabenchi ya kanisa yaliyokuwa yametupwa. Vijana walikuwa wakibishana humo hadi wanarushiana kofia: gemu ipi ni nzuri, ipi ni takataka. Ukasema maneno yote haya yanapotea bure, tuyaweke mtandaoni mtu wa Nyamira au wa Kisii mjini ayasome kabla hajadanganywa. Mimi ukanifanya msimamizi. "Wewe unapenda kuamrisha watu tangu utotoni," ulisema, "sasa utapata wa kuwaamrisha."

Kila andiko tukalipa mishale miwili, wa juu kama limekusaidia, wa chini kama ni porojo. Lililopanda linasomwa na wote. Lililoshuka sana linajikunja, ukilitaka ulifungue mwenyewe. Na kila mshale ukaonyesha jina la aliyeubonyeza, maana kura za kujificha ulizikataa katakata. "Mtu asimame nyuma ya mshale wake."

Wala hukuwa na upendeleo, hata kwangu. Siku ile nilisifu gemu ya mbio za magari kwa sababu rangi zake zilinipendeza, mshale wa chini wa kwanza ulikuwa wako. Chini yake ukaandika, "Dada, umetueleza rangi. Gari lenyewe linaendaje?" Nilikununia wiki nzima, na ulipokuja nyumbani nikakunyima kiti. Lakini nilipoandika vizuri, mshale wa juu wa kwanza ulikuwa wako vilevile, chai yangu haijapoa. Ndiyo maana ulikuwa na uzito.

Uliyatoa kwa mama hayo. Tulipokuwa wadogo alikuwa anamwaga majani ya chai kwenye gunia kabla ya kuyapeleka kituoni, anayachambua kwa mkono, majani mawili na chipukizi, jani gumu nje. Majirani walikuwa wakificha magumu chini ya kikapu na karani anapima tu. Ukamuuliza mama kwa nini asifanye kama wao. Akakwambia, "Karani hanywi hii chai. Kuna mtu huko ataipika." Ukachutama ukaanza kuchambua naye.

Halafu ikaja ile gemu ya farasi. Jina lake silitaji, kila mtu hapa anakijua kidonda chake. Miezi na miezi tulilishwa vionjo: mfalme juu ya farasi mweupe, mvua inachuruzika kwenye upanga, muziki wa kutia ubaridi mgongoni. Watu wakaanza kuipigia mishale kabla haijazaliwa. Mmoja akaandika, "Hii ndiyo gemu bora ya maisha yangu," na hajaigusa! Andiko lake likakaa kileleni kama bendera ya shule. Wewe ukaandika mistari mitatu tu: "Nimekiona kionjo. Picha ya ndizi haishibishi. Tusubiri tuicheze."

Weh! Walikushusha mpaka andiko likajikunja. Kijana mmoja akakuuliza, "Buda, kwani furaha ya watu inakuwasha?" Nilitaka kumfungia akaunti, ukanizuia. Ulisema naye ana haki ya kuwashwa.

Siku gemu ilipotoka, banda lilifurika. Waendesha boda waliacha pikipiki barabarani, mama wa mboga akaingia na beseni lake kichwani. Farasi akatokea. Akatembea hatua chache, akazama ardhini hadi shingoni, na mfalme akaendelea na safari amekalia nyasi. Mvua ikawa inanyesha ndani ya nyumba huku nje kumekauka. Alipofika darajani picha ikaganda, mdomo wa mfalme wazi, meno yote nje. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Labda ndivyo ilivyo." Ulicheka hadi ukakaa chini sakafuni. Ukatoa ile gemu, ukawawekea ya mpira ya zamani, na mama wa mboga akashangilia mabao kuliko wote.

Jioni hiyo wakarudi kwenye mistari yako mitatu, wakaipandisha hadi kileleni. Nikakupigia simu kwa furaha. Wewe ukapoa. "Dada, hawa hawajasoma tena," ulisema. "Jana walinishusha kwa hasira, leo wananipandisha kwa aibu. Ni kura ileile."

Ndipo ukaandika zile sheria. Usipigie kura gemu ambayo hujaicheza. Mtu mmoja, akaunti moja. Na anayeondoka duniani, akaunti yake ifungwe. Hiyo ya mwisho uliiweka kwa utani. "Hata mimi nikifa mnifunge," ulisema. "Nisije nikawa kama wale wa rejista ya kata, wamezikwa zamani na bado wanapanga foleni kila uchaguzi." Tulicheka hadi machozi. Nani alijua figo zako zilikuwa zinatusikiliza?

Tulikuzika Ijumaa, mapema, maana mama hakutaka shughuli iingie Sabato. Wanachama wakauliza kuhusu akaunti yako. Nikasema nitaifunga wiki ijayo. Wiki ijayo imekuja na kupita mara nyingi, Mogaka. Nikiiona ile picha yako ndogo, unacheka pale kando, jino lile la pembeni linaonekana, mkono wangu unagoma.

Sasa kuna gemu nyingine. Safari hii ni mji unaoelea angani. Vionjo kila siku, na watu wameshaanza kuandika "bora ya maisha yangu". Nikafanya kazi yako. Nikaandika tuwe na subira, tuicheze kwanza. Wakanishusha, sawa, nilitegemea. Lakini katikati ya hiyo mishale ya chini nikaona mmoja umetazama juu. Wa Mogaka wa Keroka.

Nyasae, Mungu wangu! Pakiti ya dawa ilinitoka mkononi.

Nikarudi nyuma kwenye maandiko yangu yote tangu mazishi. Nilikuwa sitazami mishale tena, sikuwa na moyo wa kuitazama. Kumbe ulikuwepo kwenye kila andiko. Hata lile tangazo kwamba jukwaa litazimwa kwa matengenezo, ulilipandisha! Nani duniani anapandisha tangazo la matengenezo? Si Mogaka ninayemjua.

Wanachama nao wakaona. "Wafu wanapiga kura! Hata huku wameanza!" Walicheka wee. Kisha mmoja akaandika bila utani kwamba msimamizi anatumia akaunti ya ndugu yake marehemu kujipandisha. Hapo nilikaa chini. Nisingejali wangenitukana mimi. Lakini jina lako, lililosimama nyuma ya kila mshale wake, sasa linaitwa jina la wizi, na mimi ndiye niliyeliacha wazi.

Nikaanza kufuatilia mishale yako inakuja lini. Jumatatu, dakika chache baada ya andiko langu. Jumatano, hivyohivyo. Ijumaa mchana, upo. Ijumaa jua likizama, kimya. Niliwahi kuandika Jumamosi asubuhi, andiko likakaa mchana kutwa bila mshale wako. Jua lilipozama tu, huu hapa.

Mogaka, niambie. Mwizi gani wa mtandaoni anashika Sabato?

Nilifunga duka, nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Jumapili nikapanda kwenda Manga.

Simu yako iko juu ya kabati, kati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, imefunikwa kitambaa alichofuma mama mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka kuchuma, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Nilimuuliza tukiwa tumekaa jikoni, kwa Kikwetu, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto habari za sukari. Hata hakujitetea.

"Ni mimi. Kwani kuna ubaya?"

"Mama, hiyo ni kura ya mtu mwingine."

"Ni simu ya mwanangu."

"Na unabonyeza bila kusoma? Wewe, unayetupa jani gumu?"

Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa peke yangu. "Alinionyesha pale wodini," akasema. "Aliniambia, mama, dada akiandika, simu italia hivi. Bonyeza hapa, penye mshale unaotazama juu. Asije akadhani anaandikia ukuta."

Wewe Mogaka! Wewe! Mwenye sheria zako! Uliyeninyima mshale kwa sababu ya rangi za gari! Umelala pale na mirija mwilini, unaiba kura, unamfundisha mama yako mwenye hofu ya Mungu kuiba kura, ili mimi nisijione niko peke yangu. Na hukuniambia hata neno. Ningekuwa na namna ya kukufikia ningekupiga kofi, kisha nikukumbatie nisikuachie.

Nilimweleza mama ile sheria ya tatu. Nikamweleza na utani wako wa rejista ya kata. Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha.

"Alisema ifungwe?"

"Alisema, mama."

Akaanza kubandua utomvu kwenye kucha. "Nikibonyeza ule mshale, picha yake hutokea pale pembeni, anacheka. Sasa mimi nitamwona wapi?"

Nikamwambia picha zako zimejaa kwenye simu, nitamfungulia zote. "Si hizo," akasema. "Hizo hazitokei nikibonyeza."

Nilikuwa tayari kurudi Suneka bila kufunga chochote, wanachama waseme watakavyo. Ni yeye aliyefuta mikono kwenye leso, akaiteremsha simu, akasema, "Nionyeshe pa kubonyeza. Kama alisema, alisema."

Nikamwonyesha. Jukwaa likauliza kama ana hakika. Akauliza imeandikwa nini hapo, nikamsomea. Akakutazama kwanza, kwa muda, akasema kitu kwa Kikwetu ambacho sitakiandika hapa. Kisha akabonyeza yeye mwenyewe. Picha yako ikawa kijivu, ikatoweka, na mishale yako yote ikaondoka nayo. Tangazo la matengenezo likarudi sifuri, mahali pake. Andiko langu la subira likazama zaidi, likajikunja, kama lako lilivyojikunja.

Hilo ndilo jibu, wanachama. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na mama mchuma chai aliyeagizwa na mwanawe. Anayetaka kumtukana, anitukane mimi.

Lakini sijamaliza, Mogaka. Nilimfungulia mama akaunti yake, kwa jina lake, mtu mmoja akaunti moja. Nikamwambia sasa anaweza kunipandisha kihalali. Nilikuwa naiomba hiyo kura, kusema kweli, nilikuwa naililia.

"Nisomee kwanza," akasema.

Nikamsomea andiko zima, namtafsiria. Alisikiliza kama anavyosikiliza somo la Sabato, kichwa kimeinama. Nilipomaliza akauliza, "Na hiyo gemu, umeicheza?"

"Haijatoka, mama."

"Basi umejuaje?"

"Sijasema ni mbaya. Nimesema tusubiri."

"Vizuri. Na mimi nasubiri." Akaweka simu chini.

"Mama!"

"Yaya, hapana. Ikitoka uje unichukue, nione kwa macho."

Nilikusikia wewe pale jikoni. Ilibidi nitoke nje, nikaenda nikasimama pale kwenye migomba yako hadi uso ukauke.

Ikitoka nitampeleka Keroka. Wale vijana bado wanaliendesha banda, na lile benchi la karibu na mlango nimeshamwekea. Kama mji utaelea kweli, tutasema. Kama utaanguka, tutasema pia, na mama wa mboga atashangilia mpira.

Ila nikimaliza kuandika bado natazama simu, Mogaka. Nilifanya hivyo jana, na nitafanya hivyo nikimaliza barua hii. Naweka kikombe pembeni, nangoja, mpaka chai inapoa. Nikiandika porojo sasa, hakuna wa kunishusha wa kwanza na kuniuliza gari linaendaje. Hilo linaniuma kuliko mshale wowote.

Lala, mdogo wangu. Kura yako tumeifunga kama ulivyotaka. Mimi ndiye sijafungika.

Dada yako,
anayeandikia ukuta na bado anaandika