Maji ya Nyuma ya Jiko

Msambweni, Jumapili baada ya magharibi, 1998

Kumbe kiu ilikuwa ya nyumba nzima.

Tangu figo zangu zishindwe kazi, na damu yangu kusafishwa kwa maji yatiwayo tumboni kwa mpira, daktari ameniruhusu vikombe viwili tu vya kunywa kwa siku. Nilidhani navumilia peke yangu. Leo mchana nimemkuta mama yangu nyuma ya jiko, amechuchumaa na kata ya maji.

"Shikamoo, mama. Wamficha nani maji?"

"Marahaba. Nakuficha wewe, mwanangu. Sote twanywea huku."

"Jana shemeji yako kapaliwa na maji papa hapa," mke wangu akadakia kutoka jikoni, "kisa kasikia kikohozi chako!"

Nilicheka hata tumbo likaniuma. Miezi minne wamekula wali mbele yangu bila tone la maji ya kushushia, kwa mapenzi tu.

Sikatai, naogopa. Huenda siku moja nikaichukia gilasi iliyo mkononi mwa mwenzangu. Lakini kula na watu wanaojinyima kwa ajili yangu kwanitisha zaidi.

Basi alasiri nimewakusanya, nikasimama:

"Mama yangu mzazi, shemeji yangu, mke wangu, nanyi wanangu, nawashukuru. Amri ya daktari ni yangu, si yenu."

"Na ukitamani?" mke wangu akauliza.

"Nitasukutua, niteme. Nimekata shauri: kuanzia chakula cha leo, mtungi urudi mkekani, na mama aanze kunywa, mbele yangu."