Saini ya Ortwin kwenye Bahasha ya Mwisho

Lindenweg 14,
Witten, Ujerumani.
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Elfriede,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani huko Valdivia. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Katika barua ya Julai ulisema baridi ilikufungia ghorofani siku kumi na moja. Sasa joto limeanza kurudi kwenu, basi naomba goti nalo liwe limelegea, uweze kushuka bustanini mwenyewe bila kushikiliwa.

Mimi sijambo. Daktari amenipunguzia vidonge vya presha kutoka viwili hadi kimoja tangu tarehe 2. Kaburi la baba nilikwenda kulisafisha tarehe 5, nikang'oa magugu na kupanda maua ya zambarau unayoyajua. Mti wake wa plamu umezaa sana mwaka huu. Nimepika jemu chupa ishirini na tatu, na mbili nitakutumia zikifungwa vizuri.

Uliniuliza kama bado nacheza na wenzangu kila Alhamisi. Nilikusudia kukujibu kwa mistari miwili. Nimeshindwa, maana limetokea jambo lililonitia kinyaa, na mpaka leo hakijanitoka. Hapa sina wa kumwambia ila Gudrun, na Gudrun anajua tayari.

Unatukumbuka tulivyo: Gudrun wa duka la maua, Detlef niliyefanya naye kazi idara ya maji, mzee Ortwin Haberkorn aliyekuwa karani wa usajili wa ardhi, na mimi. Mwaka huu tumetimiza miaka kumi na tisa. Miaka minne iliyopita tulinunua kwenye maonyesho ya Essen mchezo wa kujenga mji kando ya mto. Una sura kumi na mbili, na kila sura ina bahasha yake iliyofungwa. Unachoandika ubaoni kwa kalamu hakifutiki, stika ukiibandika imebandikwa, na karata ukiambiwa uichane, unaichana. Ukiisha umeisha, hauchezwi mara ya pili. Mshindi wa sura ya mwisho ndiye anayeupa mji jina, na mahali pa jina pamekaa wazi ubaoni miaka yote minne.

Ortwin alikwisha kutuambia angeuitaje. Angeuita Roswitha, jina la marehemu mke wake. Alikuwa anaongoza kwa pointi tisa.

Sura ya kumi na moja tuliimaliza Alhamisi, 14 Machi, nyumbani kwa Detlef, kwa kuwa yeye ana chumba ambamo meza inaweza kukaa bila kuguswa. Siku nne baadaye Ortwin alikuwa alazwe hospitalini kwa ule ugonjwa wake wa kutetemeka. Kwa hiyo bahasha ya mwisho tuliifunga kwa desturi ya Ortwin: utepe wa gundi juu ya mdomo wa bahasha, na saini zetu wote wanne zikikatiza juu ya utepe, kama walivyofunga mafaili ofisini kwao.

Ninakunakilia nilichoandika kwenye daftari langu siku hiyo: "Ortwin alijaribu mara tatu kutia saini. Mkono ulimruka. Mkia wa herufi ya mwisho umetoka nje ya utepe ukaingia kwenye karatasi ya bahasha, kama urefu wa punje ya mchele. Sote tulijifanya tunatazama dirishani."

Mwezi huu Ortwin alipata nafuu kidogo, lakini binti yake aliamua kumhamishia kwake Flensburg, safari ikapangwa Jumatano, tarehe 16. Ortwin akaomba kitu kimoja tu: Jumapili kabla ya kuondoka, tukae sebuleni kwake tumalize mji.

Jumamosi, tarehe 12, nilikwenda kuchukua sanduku kwa Detlef. Alikuwa anakula. Shangazi, unajua kwamba mezani kwetu tuna sheria, chipsi huliwa kwa vijiti ili karata zisipate mafuta. Detlef kwa miaka kumi na tisa ameidharau. Hula mkate wake wa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, kisha hulamba kidole gumba na kuchota karata. Jioni ya Alhamisi, 12 Septemba, nilihesabu, mara tisa kwa saa moja. Karata zake zinanata. Nilikuwa nikidhani hicho ndicho kinyaa kikubwa nitakachowahi kukipata kwake.

Nilimkuta na kidole hicho hicho mdomoni akinielekeza lilipo sanduku. "Beba taratibu, bibie," akasema. "Humo ndani mna miaka minne."

Nilipofika nyumbani nilifungua kifuniko kuhakikisha hakuna kete iliyodondoka, nikaiona bahasha. Utepe ulikuwa mpya, na saini zilikuwa nne. Yangu ilikuwa karibu iwe yangu. Ya Ortwin ilikuwa nzuri, imenyooka, ina madaha, ile saini aliyokuwa akiitia zamani kwenye kitabu chetu cha matokeo, alipokuwa na afya. Na pembeni yake, kwenye karatasi ya bahasha, ulikuwapo ule mkia wa wino wenye urefu wa punje ya mchele, haukuungana na chochote.

Nililifungua daftari, nikasoma ya Machi, nikaitazama tena bahasha. Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, ingawa sikuwa nimeshika uchafu.

Nilimpigia Gudrun. Akaniuliza, "Una hakika, Reinhild?"

"Nimeandika mwenyewe kwenye daftari."

"Basi nyamaza, mwenzangu. Mzee anaondoka Jumatano. Mwache amalize mji wake, halafu huyo Detlef tutamchambua sisi wawili kama kuku."

Nilikubali, shangazi. Ningeweza kumpigia Ortwin usiku ule ule nisipige. Nilijiambia ninamhurumia. Hilo nalo linanitia kinyaa.

Jumapili saa tisa alasiri tulikuwa sebuleni kwa Ortwin. Masanduku ya kuhama yalikuwa yamepangwa ukutani, yeye amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa tai. Gudrun alileta keki ya plamu. Detlef alileta mkate wake.

Kanuni ya sura ya mwisho ni kwamba kila mchezaji anaweka nyumba zake tatu za mwisho kwanza, ndipo bahasha inafunguliwa. Kwa miaka minne Detlef amejenga sokoni, kando ya mto, mahali penye pointi nyingi. Siku hiyo alilamba kidole, akachukua nyumba zake tatu na kuzipanga zote juu ya kilima cha miiba ambacho hakuna aliyewahi kukigusa.

"Detlef, umepotea njia?" Gudrun akamuuliza. Sauti yake ilikuwa ya utani, macho hayakuwa ya utani. "Huko wanaishi mbuzi tu."

"Nabadilisha hewa, bibie. Soko lina kelele."

"Miaka minne hukuzisikia?"

"Mtu anazeeka."

Ortwin aliweka zake kando ya daraja, lile alilolibandikia stika ya jina la Roswitha katika sura ya tatu. Kisha akaomba bahasha na mkasi. Sikumpa mkasi mara moja, nilidhani atajikata. Akanyoosha mkono, nikampa.

Hakukata. Aliigeuza bahasha kuelekea dirishani akaitazama kwa muda mrefu. Kidole chake gumba kilikuwa kinatetemeka juu ya utepe, kikapita kwenye saini, kikafika kwenye ule mkia wa wino na kusimama hapo.

"Kumbe mwezi wa tatu nilikuwa na mkono mzuri hivi," akasema.

"Ulikuwa bado kijana, mzee," Detlef akajibu, na akacheka na nyama mdomoni.

Ortwin akakata. Ndani mlikuwa na karata moja kubwa: mafuriko. Mto unapanda, kila kilichojengwa ukingoni kinafutwa kwa kalamu nyeusi, na nyumba zilizo kilimani zinahesabiwa mara tatu. Detlef alifungua mdomo, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Jamani, nani angejua?" Nilimtazama usoni alipokuwa anasema. Alikuwa amejifunza uso ule mbele ya kioo, naamini hivyo. Katika maisha yangu nimeona maiti iliyotolewa kwenye tangi la maji la idara, na haikunitia kinyaa kama uso huo.

Ortwin alilifuta daraja mwenyewe. Nilimshikia ubao.

Nilijumlisha pointi mara mbili. Detlef alimpita Ortwin kwa mbili.

Detlef akachukua kalamu ili aandike jina la mji, lakini Ortwin akamzuia. "Kwanza saini. Ofisini kwetu saini zilitangulia." Tuna desturi kwamba mchezo wa namna hii ukiisha, sote tunatia saini ndani ya kifuniko cha sanduku. Akatia Detlef, akatia Gudrun, nikatia mimi. Nikamsogezea Ortwin kifuniko, naye akakisukuma taratibu mpaka kwa Detlef.

"Mkono wangu leo umegoma," akasema. "Nitilie wewe, Detlef. Wewe umeshaizoea."

Detlef akatabasamu, kisha tabasamu likasita. "Sikuelewi, mzee."

"Itie kama ulivyoitia kwenye bahasha. Ilipendeza."

Masikio ya Detlef yaligeuka mekundu kuanzia juu kushuka chini. Alitutazama Gudrun na mimi, mmoja baada ya mwingine, akatafuta mahali pa kuanzia uongo asipaone. Akaweka kalamu mezani. Akasema gari amelisimamisha upande usioruhusiwa, akachukua koti akatoka. Ilikuwa Jumapili, shangazi, na mtaa ule unaruhusiwa pande zote mbili.

Mkate wake ulibaki kwenye sahani, nusu yake, wenye alama za meno kwenye nyama. Niliushika kwa vidole viwili nikautupa kwenye pipa la nje, si la jikoni.

Niliporudi, Ortwin alikuwa ameuvuta ubao mapajani na kuishika kalamu kwa mikono yote miwili. Gudrun alitaka kumsaidia, nikatikisa kichwa. Aliandika ROSWITHA kwa herufi kubwa. Kwa saa ya ukutani ilimchukua dakika nne. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya ubao ikaishia kwenye suruali yake. Akaitazama akasema, "Hiyo ndiyo yangu."

Jumanne Detlef aliniandikia kwenye simu. Alisema mchezo ni mchezo, kwamba alitaka tu kujua mwisho, na kwamba alifungua bahasha mwezi wa tano kwa sababu, namnukuu, "sikudhani mzee atarudi." Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Alikaa kwenye chumba kile akamhesabu mwenzetu kuwa amekufa, akafungua, kisha alipoona hakufa akakaa na kalamu akijifunza saini yake. Kulamba vidole nilivumilia miaka kumi na tisa. Hili sitalivumilia hata kwa Alhamisi moja. Sikumjibu. Funguo za chumba chake, alizonipa kwa ajili ya Alhamisi zetu, nimezitia kwenye sanduku lake la barua, na Alhamisi iliyopita Gudrun alikuja kwangu, tukanywa kahawa, hatukugusa karata.

Nimekukumbuka sana wiki hii. Nilikuwa na miaka sita, tukicheza dama jikoni kwenu Hattingen, nikasogeza kete yako ulipokwenda kutazama supu. Uliporudi hukunigombeza. Ulikaa, ukanitazama, supu ikachemka ikamwagika jikoni, nawe ukaendelea kunitazama mpaka nikairudisha. Nadhani Ortwin alimtazama Detlef vivyo hivyo. Ila mimi niliirudisha.

Jumatano nilikwenda kumuaga. Ubao alikuwa ameupakata kwenye gari, hakukubali upakiwe na mizigo mingine. Bahasha akanipa mimi, akasema, "Wewe ndiye unayetunza kumbukumbu." Nimeibandika kwenye daftari, ukurasa wa tarehe 14 Machi. Ule utepe niliubandua kwanza kwa mvuke wa birika, nikauchoma kwenye jiko. Ule mkia wa wino wenye urefu wa punje ya mchele nimeuacha ulipo.

Nisalimie binamu Anselm na mkewe Ximena, na umwambie Anselm mbegu za figili alizoomba nimezipata. Wabusu wajukuu wote watatu kwa niaba yangu. Gudrun naye anakusalimu na kuuliza kama ulipata ile kadi ya maua makavu. Ukiweza, mwandikie Ortwin mistari michache. Anwani ya Flensburg nimeiweka nyuma ya barua hii. Atafurahi kupata barua yenye stempu ya mbali.

Mungu akulinde usingizini na ngazini, akuache nasi miaka mingi bado.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye tangu jikoni Hattingen hadi leo,

Reinhild