Hatua Kumi na Moja za Mlango wa Lifti

POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI
Jina la kazini: Dada Nadhifu. Umri: miaka 43. Kazi: mwandishi wa programu za lifti. Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha vioo. Yameandikwa tarehe 10 Juni, kuanzia saa tisa alasiri.

Nimekuja kwa hiari yangu, kwa sababu mwenzangu wa kazini, tunayemwita Mpole, mmemshikilia tangu jana.

Mnamo tarehe 8 Juni, saa mbili asubuhi, mlango wa lifti ya jengo la ofisi ulimbana mama wa usafi, akavunjika nyonga. Mlango ulipaswa kusubiri sekunde nane, ulisubiri mbili. Katika matengenezo ya tarehe 14 Machi, Mpole alipunguza muda huo. Kumbukumbu ya kompyuta ina jina lake.

Afande ameniuliza kumbukumbu hiyo ni nini. Kila tunapobadilisha programu, kompyuta huandika nani kagusa mstari gani, saa ngapi. Kuna njia mbili za kuitunza. Mpole hupenda kuacha kila hatua ilivyo, hata ya kukosea. Mimi hupenda kuzikunja zote ziwe moja, safi, kama shuka iliyopigwa pasi. Tumebishana miaka. Siku hiyo ya matengenezo alicheka, "Dada, usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Sasa ukizikunja, tutaangalia wapi?" Nikamwambia, "Niondolee matope yako." Nikazikunja hatua kumi na moja zikawa moja, kwa jina lake.

Mashine yangu huhifadhi hatua zilizokunjwa kwa siku tisini, kisha huzifuta. Leo asubuhi, siku ya themanini na nane, nilizifungua. Jua lilikuwa limelala juu ya meza. Nilirudi nyuma hatua moja moja, na programu ikawa ilivyokuwa zamani, kama nyumba ya utotoni ambayo viti vyake havijasogezwa. Nilijisikia mwepesi, nusu usingizini. Nilisikia kikombe cha Mpole kikigonga sahani chumba cha pili, ingawa hayupo.

Hatua ya saba ilikuwa saa nne na robo. Yeye alikuwa ameenda kunywa chai. Aliyeandika "mbili" badala ya "nane", ili mlango ujaribiwe upesi, ni mimi. Nikasahau kurudisha. Nilipozikunja hatua, jina langu lilizama chini ya lake. Ningenyamaza siku mbili tu, lingefutika kabisa. Nilitamani kunyamaza. Naona aibu kusema hivyo.

Nimemwomba afande achane ukurasa wa kwanza tuandike upya, usomeke vizuri. Amenitazama, akasema, "Hapa hatuchani, dada. Kata kwa mstari mmoja, andika juu yake, tia sahihi pembeni."

Nimekata. Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, kosa langu likiwemo.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maandishi ya askari: Katika aya ya pili, maneno "Mpole alipunguza" yamekatwa na shahidi; juu yake ameandika "nilipunguza". Ya kwanza bado yanasomeka. Saa kumi na dakika tano.